Darubini ya kuhimili bunduki ya upepo yenye springi kali: kuchagua, kufunga na kupima

Darubini iliyokaa miaka mingi juu ya bunduki ya risasi za moto bila tatizo inaweza kuharibika kwa peleti mia mbili tu juu ya bunduki ya upepo. Wanaoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hucheka, kwa kuwa bunduki ya upepo inaonekana kitu cha watoto. Ukishajua sababu yake, nusu ya kazi ya kuchagua umeimaliza.

Mateke mawili

Bunduki ya springi yenye nguvu, kama Diana 350 Magnum, Diana 48, Hatsan 125 au Weihrauch HW80, hupiga teke mara mbili kwa kila peleti. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni mbele na bunduki inarudi begani. Hilo ni teke la kwanza. Halafu pistoni inafika mwisho wa silinda, inagota kwenye hewa iliyobanwa, na bunduki nzima inachomoka kwenda mbele kwa ghafla. Hilo la pili ndilo linaloua darubini.

Ndani ya darubini kuna kibomba kidogo chenye lenzi. Upande mmoja kimeegemea skrubu za vifundo vya kurekebishia, upande wa pili kinasukumwa na kispringi chembamba. Darubini nyingi za bunduki za moto zimetengenezwa kuzuia mshtuko wa kurudi nyuma tu. Zikivutwa mbele kwa nguvu, kile kibomba kinacheza, pete za ndani zinazobana lenzi zinalegea, na msalaba wa kulengea unaweza hata kujizungusha ukalala upande. Bunduki zenye bomba la gesi badala ya springi ya waya nazo hazina huruma: pigo lake ni la haraka zaidi.

Kwa hiyo mtu mwenye bunduki ya mtungi, ile inayojazwa hewa kwa pampu, akikuambia darubini yake ina miaka mitano na haijasogea, mshukuru lakini usiinunue kwa ushahidi huo. Bunduki yake karibu haina teke kabisa.

Nguvu tunayoizungumzia ni ipi? Chukua uzito wa peleti kwa gramu, zidisha kwa mwendo wake wa mita kwa sekunde uliozidishwa kwa wenyewe, gawa kwa 2000. Peleti ya milimita 5.5 yenye gramu 0.93 ikitoka kwa mita 250 kwa sekunde inakupa jouli 29 hivi. Uingereza bunduki ya upepo ikipita jouli 16 na ushei huhitaji cheti cha silaha, kwa hiyo 29 si mchezo. Kama yako iko juu ya jouli 20, soma mwongozo huu wote. Ikiwa chini ya 10, darubini yoyote yenye heshima itakutosha.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni

Silaha nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kununua bunduki, au kuagiza chochote cha bunduki kutoka nje, pitia polisi wilaya uulize kibali kinachotakiwa na ukipate kwa maandishi. Kuwinda ni jambo jingine kabisa: wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa na bunduki ndogo hakumpi mtu ruhusa ya kwenda nayo porini upande wa Ugalla. Yote yaliyomo humu ni kwa shabaha za karatasi na makopo.

Uchague nini

Anza na uzito, si na ukubwa wa picha. Teke linavuta darubini kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo darubini ya gramu 700 inaumia na kuteleza kuliko ya gramu 400, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Lenga kati ya gramu 300 na 500. Ukiwa dukani omba mizani ya kidijitali uipime. Namba ya kwenye boksi wakati mwingine haihesabu vifuniko vya lenzi wala pete za kuifungia darubini.

Ukuzaji wa 2-7x32, 3-9x40, au 4x32 usiobadilika unatosha kabisa kwa mita 10 hadi 45 (namba za kabla ya x ni mara za kukuza, ya baada yake ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita). Ile 4x32 ina sehemu chache za kuvunjika na bei yake ni nafuu, lakini kabla ya kuilipia hakikisha umbali wake wa kulenga, jambo tutakalolifikia sasa hivi. Zile darubini ndefu za 6-24x50 zenye taa nyekundu na kijani, zinazouzwa kwa bei ya kushangaza, ziache. Ni nzito, lenzi zake ni nyingi, na kwenye bunduki kali hazimalizi mwezi.

Umbali wa kulenga ndipo wengi wanapopotea. Darubini ya bunduki ya moto huwekwa kiwandani ione sawasawa kwenye mita 90 hivi. Kopo la mita 20 unaliona na ukungu, na jicho likisogea pembeni msalaba nao unatembea juu ya shabaha. Hiyo ndiyo paralaksi. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40, kosa linaweza kufika sentimita moja na nusu kwenye mita 20, na hapo bunduki haina kosa lolote. Tafuta darubini yenye pete ya kurekebisha umbali, iwe mbele kwenye lenzi au pembeni kama kifundo cha tatu, na iwe inashuka mpaka mita 9 au 10.

Msalaba uwe umechongwa kwenye kioo, usiwe wa waya. Waya hukatika au kulegea kwa mtetemo. Mchoro wa kwenye kioo hauna cha kukatika. Bomba la milimita 25.4 au la 30 yote sawa. La 30 linakupa nafasi zaidi ya kurekebisha juu na chini, lakini halifanyi darubini kuwa ngumu kwa lenyewe, tofauti na wanavyodai wauzaji. Nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma, iwe sentimita 8 hadi 10, usije ukarudi nyumbani na alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi.

La mwisho kwenye orodha ya kununua ni maandishi. Soma karatasi ya udhamini, si picha ya boksi. Itafute sentensi inayosema wazi kwamba darubini inafaa kwa bunduki za upepo za springi. Hawke wana toleo la Airmax walilolitengeneza kwa ajili ya bunduki za upepo; Leapers wanaotengeneza UTG nao wana mifano inayotajwa kwa springi; Vortex wanajulikana kwa udhamini wa maisha. Jina kubwa lisilotaja springi popote ni bahati nasibu. Na kwa mtu wa Tabora au Kigoma, udhamini wa kurudisha mzigo Ulaya au Marekani una gharama ya posta juu yake. Ihesabu mapema.

Ikaguliwe ikiwa bado mkononi

Mzigo ukishuka kwenye basi au treni kutoka Dar es Salaam, ufungue mbele ya aliyeuleta kama inawezekana. Itikise darubini karibu na sikio: isikike kimya. Itazame kwa upande wa mbele kwenye mwanga. Ukiona punje au kipande cha rangi kinaelea ndani, irudishe. Zungusha vifundo vyote viwili: kila kliki isikike na iwe na uzito uleule. Kisha iegemeze juu ya kikombe au matofali mawili, elekeza msalaba kwenye kona ya dirisha la mbali, na bila kuisogeza zungusha pete ya ukuzaji kutoka 3 hadi 9. Msalaba ukihama waziwazi kwenye ile kona, ndani hakujapangwa vizuri. Dakika tano hizi zinaokoa safari ya wiki tatu.

Pete na reli

Kama una laki tatu, usitumie zote kwenye darubini. Pete mbovu huiua darubini nzuri, na hapa ndipo tunapoona pesa nyingi zikipotea.

Bunduki nyingi za upepo zina reli iliyochongwa mifereji miwili juu ya silinda, upana wake milimita 11 kwa kawaida, ingawa utakuta za 9.5 na hata za 13. Pima kwa kalipa. Kalipa ya fundi wa pikipiki inatosha. Zingine zina reli ya Weaver au Picatinny yenye matuta na nafasi katikati. Nafasi ya Picatinny ina milimita 5.2, ya Weaver 4.6, kwa hiyo pete ya Picatinny inaweza kukataa kuingia kwenye reli ya Weaver.

Kwa teke lile la mbele, bunduki inakimbia na darubini inabaki, na matokeo yake ni kwamba darubini inateleza kidogo kidogo kurudi nyuma. Kubana peke yake hakutoshi. Nunua pete zenye pini ya kuzuia, yaani kijipini cha chuma kinachoshuka kutoka chini ya pete na kuingia kwenye tundu la reli. Kishikio kimoja kirefu kinachoshika pete zote mbili ni bora kuliko pete mbili zilizoachana, kwa kuwa eneo la kubana ni kubwa na pini moja inazuia kila kitu. BKL wanatengeneza pete zinazobana bila pini na zina sifa nzuri. Kwa bunduki zake kali, Diana wana kishikio kiitwacho Bullseye ZR chenye mtelezo wa ndani unaopunguza mshtuko. Ni ghali, lakini mwenye 350 Magnum akikinunua hatujamwona akijuta.

Onyo moja kwa Diana za zamani: mwisho wa reli kuna skrubu yenye kichwa kikubwa. Inaonekana kama imewekwa hapo iegemewe na pete. Usiiegemeze. Hukatika.

Kufunga, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Futa reli, ndani ya pete na bomba la darubini kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Mafuta kidogo tu yanatosha kufanya darubini iteleze.

Hatua ya 2. Weka kifundo cha juu na cha pembeni katikati kabisa. Katia alama mbili za V kwenye boksi gumu la katoni, lalisha darubini juu yake, tazama alama ya mbali na uizungushe darubini taratibu. Msalaba ukichora duara, punguza duara hilo nusu kwa vifundo, zungusha tena, mpaka msalaba ubaki palepale. Sasa kile kispringi cha ndani kina mgandamizo wa kutosha pande zote, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuishi.

Hatua ya 3. Shusha pini kwenye tundu la reli. Kabla ya kukaza, sukuma kishikio nyuma mpaka pini iguse ukuta wa nyuma wa tundu. Ukiiacha ikiwa katikati, darubini itateleza hiyo milimita iliyobaki na utaanza kulaumu peleti. Kaza skrubu za chini kwanza.

Hatua ya 4. Laza darubini, usikaze vifuniko vya pete bado. Weka bunduki begani macho yakiwa yamefumba, fumbua, na sogeza darubini mpaka picha ijae bila kivuli cheusi.

Hatua ya 5. Nyoosha msalaba. Fundi mwashi ana timazi. Iazime, itundike mita 10 mbele, shikilia bunduki ikae sawa, na zungusha darubini mpaka mstari wa wima ulale juu ya kamba.

Hatua ya 6. Kaza vifuniko vya pete kwa kupishana: skrubu ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, na kuendelea, robo zungusho kila mara, nafasi za pande mbili zikibaki sawa. Shika alenki kwa mguu wake mfupi na ukaze kwa vidole tu mpaka vigome. Hiyo ni kama niutoni-mita 1.7 hadi 2. Anayeshika mguu mrefu na kukaza kwa kiganja hulibonyeza bomba, na kibomba cha ndani kikashindwa kutembea. Tone dogo la gundi ya skrubu, ile inayofunguka kwa mkono, weka kwenye skrubu za chini tu.

Hatua ya 7. Chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha pale pete inapokutana na bomba, na mwingine pale kishikio kinapokutana na reli. Mstari ukikatika, kuna kinachoteleza, na huhitaji kubishana na mtu.

Mtutu unaoinama

Bunduki za kukunja mtutu mara nyingi zina mtutu ulioinama kidogo chini ukilinganisha na reli. Kwa hiyo inapiga chini, na mwenye nayo anazungusha kifundo cha juu mpaka karibu na mwisho. Hapo kispringi cha ndani kinalegea, na kila teke linakipeleka kibomba kwingine. Darubini nyingi "mbovu" tulizoonyeshwa hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimefikishwa mwisho wa kifundo.

Fanya hesabu. Kliki ya robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya sitini ya digrii) ni milimita 1.8 kwenye mita 25. Ikiwa bunduki inapiga sentimita 20 chini, unahitaji kliki 111. Darubini yenye kliki 240 kwa jumla ina 120 tu kutoka katikati kwenda juu. Umebakiwa na tisa, na hapo ndipo matatizo huanza.

Dawa ni kuinua pete ya nyuma. Pete zikiwa zimeachana sentimita 10, kila sehemu ya kumi ya milimita unayoweka chini ya bomba kwenye pete ya nyuma inapandisha peleti sentimita 2.5 kwenye mita 25. Kipande cha kopo la soda kina unene wa karibu huo. Vipande viwili ndio mwisho. Ukizidisha unalipinda bomba. Kwa sentimita 20 zetu zingehitajika vipande nane, kwa hiyo hapo nunua kishikio kinachorekebishika, kama vya Sportsmatch, au kile kilichochongwa kwa mteremko maalumu wa kufidia mtutu.

Kupiga na kupima

Shabaha za kupimia zisiwe na jiwe wala chuma nyuma yake. Tabora haina shida ya kinga: kichuguu kikubwa chenye gunia la mchanga mbele yake kinameza peleti zote. Hakikisha hakuna njia ya watu nyuma wala pembeni, na waliopo wote wavae miwani.

Bunduki ya springi haitaki kushikwa kama mwizi. Iache ilale juu ya kiganja kilichofunguliwa, kiganja kikilala juu ya mfuko laini wa pumba, na bega liguse kitako kidogo tu. Ukiilaza juu ya meza au ukaibana kwa nguvu, inaruka tofauti kila mara. Anza mita 10, karatasi kubwa. Peleti itapiga chini kidogo ya msalaba kwa sababu darubini iko juu ya mtutu karibu sentimita 5, usihangaike nayo. Nenda mita 25, piga tano, pima kwa milimita kutoka katikati ya kundi la matundu hadi pale ulipolenga, gawa kwa 1.8, zungusha kliki.

Baada ya hapo jaribu mraba: piga tano, panda kliki 20, piga tano, kulia 20, tano, shuka 20, tano, kushoto 20, tano. Kundi la mwisho liangukie juu ya la kwanza, na kila pembe iwe umbali wa sentimita 3.6. Kifundo kikikataa kwenda kliki chache halafu peleti ikaruka ghafla, kibomba kinakwama. Rudia jaribio hilo baada ya peleti 200 na tena baada ya 500. Darubini iliyopita 500 bila kuhama kwa kawaida itadumu.

Ikianza kutawanya

Usifungue darubini. Fuata mpangilio huu, kwa kuwa kilicho juu ndicho kinachotokea mara nyingi: skrubu mbili za mbele za mbao na zile za kwenye kinga ya triga, ambazo mtetemo huzilegeza hata kwa siku moja, bolti ya egemeo la mtutu, mistari ya rangi ya kucha, mpira wa kuziba hewa pale mtutu unapokutana na silinda, aina ya peleti, mkono wako. Kisha toa darubini na upige kwa kilengeo cha chuma. Kundi likikaza bila darubini, umempata mhalifu.

Dalili za darubini iliyokufa hazifichiki: makundi mawili yaliyoachana kwa kulenga kulekule, msalaba uliopinda wakati pete hazijasogea, ukungu wa ndani usiofutika, mlio wa kitu kilicholegea.

Mara nyingi kinachoiua ni mwenye nayo. Kufyatua bila peleti huifanya pistoni igonge chuma bila mto wa hewa. Peleti nyepesi sana hufanya karibu yaleyale. Kwa bunduki kali ya 5.5 tumia za gramu 0.9 hadi 1.2. Na mafuta. Mafuta ya kula, ya cherehani, ya injini, yote yakiingia kwenye silinda huwaka pistoni inapobana hewa, na unasikia mlio mkali na kuona moshi mdomoni. Watu huufurahia mlio huo wakidhani bunduki imeongezeka nguvu. Ni mlipuko, na unavunja springi, sili na darubini kwa pamoja.

Vumbi la kiangazi lipulize kwanza kwa kipampu cha mpira, ndipo ufute lenzi kwa kitambaa laini. Ukifuta kwa ncha ya kanga unasugua mchanga juu ya kioo. Thina na petroli havigusi lenzi. Kwa walio Ujiji na kando ya Ziwa Tanganyika, weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya mkoba. Na ukiipakia bunduki kwenye bodaboda kupita njia za vumbi za Uyui au Kaliua, iwe tupu, ndani ya mkoba wenye sponji, imelala mgongoni kwako badala ya kufungwa kwenye keria. Ukifika, kabla ya peleti ya kwanza, pitisha alenki kwenye kila skrubu.